Tukimpenda Nargis, tuliezeke Majestic

Simu za watu wa rika langu zimejaa sura za mastaa marehemu wa filamu za Kihindi. Nargis na nywele zake zimeachiwa mabegani, Raj Kapoor na kofia yake na suruali iliyopandishwa juu ya vifundo, Madhubala akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, Dilip Kumar na huzuni yake ile isiyomtoka. Tunatumiana asubuhi baada ya salamu, tunatumiana usiku kabla ya kulala, na chini ya kila picha mmoja anaandika "enzi zetu hizo" na mwengine anajibu kwa mioyo myekundu.

Mimi ni fundi wa cherehani, mtoto wa fundi wa cherehani, nimezaliwa na kukulia Mji Mkongwe wa Zanzibar, na picha hizo nazipenda kuliko wengi wanaozituma. Ndiyo maana nasema mapenzi haya yamebaki kuwa ya kidole. Nyumba tuliyokutana nao mastaa hao, sinema ya Majestic pale Vuga, kwa miaka mingi ukumbi wake umekaa bila paa. Masika yanaingia, vuli inaingia, na sisi tunapita mbele ya mlango wake tumeinamia simu tukimtazama Nargis.

Nianze na jumba lenyewe, maana wengi wanaolipita hawalijui. Mahali hapo mwaka 1921 ilifunguliwa sinema ya Royal, iliyochorwa na J. H. Sinclair, yule Mwingereza aliyetuachia pia jumba la makumbusho la Beit el Amani. Mkono wake unaujua ukiuona: kuba, matao, urembo wa Kiarabu uliopitia macho ya Kizungu. Mwaka 1954 moto ukaiteketeza. Mwaka uliofuata, kwenye kiwanja kile kile, likasimama Majestic, na safari hii mchoraji hakuwa Mwingereza. Alikuwa Dayalji Pitamber Sachania, mtu wa hapa hapa, na kuba hakulirudisha. Alijenga kwa mtindo ambao wasanifu wanauita Art Deco, wa mistari iliyonyooka na ukuta uliotulia, usiotaka kujifananisha na kasri wala msikiti.

Fikirini maana yake. Mwaka 1955, uhuru bado haujafika, mtu wa Zanzibar anayetoka kwenda kumwona Raj Kapoor alitaka aingie katika nyumba ya wakati wake. Mji huu tunaowauzia wageni kwa milango ya nakshi na misumari ya shaba ulikuwa pia mji wa saruji laini na mistari iliyopigwa kwa rula, na waliouchora hivyo walikuwa watu wake wenyewe. Jambo hilo huwa halimo katika maelezo ya watembeza watalii, na mimi linaniuma, kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa mji ule wa pili.

Filamu ikimpendeza, mama aliirudia. Safari ya kwanza alifuata hadithi, ya pili alifuata mikono ya magauni. Gizani hakuweza kuchora, kwa hivyo alikuwa akikunja pembe ya mtandio wake: kunjo moja la ukosi, jengine la kiuno, jengine la marinda. Akifika nyumbani hakai. Anatandaza gazeti sakafuni, anashika mkasi, anakata umbo kabla halijamtoka, na kesho yake karatasi ile inapelekwa juu ya kitambaa kwa chaki. Nargis wa Bombay alikuwa mwembamba kiunoni; wateja wa mama walikuwa wanawake waliozaa. Basi gauni lilipanuliwa, mikono ikashushwa, shingo ikapandishwa, na lililotoka kwenye cherehani halikuwa la Nargis tena. Lilikuwa la Bi Fulani wa Mkunazini, na ndivyo lilivyotakiwa liwe.

Kubwa zaidi lilikuwa suala la rangi. Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 ambayo wazee wa pwani hii hawajaacha kuizungumza, haina rangi. Nargis anaingia na gauni ambalo jicho linaona jeupe, au kijivu, au jeusi, basi. Mteja mmoja alifika akiapa kwamba gauni lile ni la buluu. Mwengine akaja na hariri ya waridi iliyoiva, naye kaapa vile vile. Mama hakubishana na mtu. Alishona. Siku ya Idi mji ulikuwa na magauni ya Nargis ya kila rangi, na kila aliyevaa alikuwa ameitia filamu rangi kwa moyo wake. Nimeshona maisha yangu yote na sijaona ubunifu wa mavazi ulio mkubwa kuliko ule.

Mother India ya mwaka 1957 ilikuja na rangi zake kamili, lakini humo Nargis ni mama mkulima, kavaa sari ya pamba, jembe begani na matope miguuni. Haikumpa mama mshono hata mmoja. Hata hivyo ndiyo filamu aliyoipenda kupita zote, na mpaka anafariki, ukilitaja jina la Nargis alikuwa akimkumbuka yule mwanamke wa matope, na lile gauni la Awara akilisahau. Naliweka hapa kwa wale wanaodhani wanawake wa zamani walikwenda sinema kutazama nguo tu.

Zamu yangu ilifika na Bobby ya mwaka 1973. Dimple Kapadia alikuwa na blauzi ya madoadoa iliyofungwa fundo juu ya kitovu, na hakuna msichana wa skuli aliyetoka ukumbini bila kuitaka. Zanzibar ya miaka ile mavazi yaliangaliwa sana, na hata pasingekuwa na mtu wa kuangalia, mama angeangalia. Basi tulishona blauzi ndefu iliyofika nyongani, mikono mpaka kiwiko, fundo likawa urembo wa kushonewa juu ya kitambaa. Kilichobaki cha Bobby ni yale madoadoa na ule ukosi mpana. Tuliivaa ndani ya buibui na tukajiona. Kaka zetu walikuwa na bugaluu zao zinazofagia njia na viatu vya raizoni vilivyowaongezea urefu, nao kila mmoja alikuwa na picha ya ukutani aliyoifuata, Amitabh Bachchan au Bruce Lee. Wakishavaa, walikwenda studio kupigwa picha. Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ipo mpaka leo Mji Mkongwe, na ukutani mwake mmetundikwa sura za mji huu za miongo na miongo.

Na sinema haikuwa ya vijana peke yao. Kulikuwa na maonyesho ya zanana, ya wanawake watupu, hapa na Mombasa pia. Bibi yangu mzaa mama, mwanamke ambaye mchana alitoka kwa harusi na msiba tu, alikuwa na kiti chake katika zanana. Walikwenda kwa makundi, na watoto wachanga na vikapu vya visheti, na waliyoyazungumza mle hayakutoka nje. Nikisikia mtu anasema kuzihifadhi sinema ni kuhifadhi starehe ya matajiri au ya mabeberu, namkumbuka bibi. Mji ulikuwa na baraza nyingi za wanaume. Sehemu za umma ambazo mwanamke wa Kizanzibari aliingia, akakaa, akacheka kwa sauti, zilikuwa chache, na moja ilikuwa pale Vuga.

Mjomba wangu alikuwa na kazi ambayo leo nikiwahadithia wanafunzi wangu wa ushonaji hawaniamini. Filamu kubwa ya Kihindi ikija, nakala ilikuwa moja na kumbi zinazoitaka ni zaidi ya moja. Basi ukumbi wa kwanza ulianza mapema, wa pili ukachelewa kidogo, na mikebe ya filamu ikipita kati yao kwa baiskeli. Mjomba alikuwa mwenye baiskeli. Mkebe ukimalizika Majestic, anaufunga kwa mpira nyuma ya kiti na kukata vichochoro mpaka Cine Afrique kule Malindi, kisha anarudi kuchukua mwengine. Tairi likipasuka njiani, watu mia kadhaa kule Malindi wanabaki na kitambaa cheupe mbele yao, wanapiga miluzi, stelingi kaachwa hewani na ngumi yake. Mjomba alikuwa akisema kazi ile ilimfundisha kila jiwe la mji huu. Alifariki hajaulizwa na mtu yeyote wa makumbusho wala wa chuo, na mimi mwenyewe ninachokijua ni vipande alivyotusimulia akiwa na furaha.

Huambiwa kwamba televisheni ndiyo iliyoua sinema. Sikubali moja kwa moja. Zanzibar tulipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi yoyote jirani, na Sholay ya mwaka 1975 ilijaza kumbi hizo hizo baada ya televisheni kufika. Mikanda ya video ya miaka ya 1980 iliumiza zaidi. Lakini kilichomaliza kazi ni viti vilivyovunjika visitengenezwe, mashine zilizokosa vipuri, nakala chakavu, choo kisichoingilika, na mwisho paa. Mtu hapeleki familia yake na nguo zake nzuri mahali panapovuja. Mimi kwa upande wangu sidhani kiu ya kukaa pamoja gizani mbele ya picha iliwahi kukauka. Angalieni vibanda vya video kote Tanzania. Angalieni namna watu walivyompenda Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mpaka sauti yake ikawa maarufu kuliko ya waigizaji wenyewe. Watu wanabanana kwenye mabenchi, joto, hewa hamna, na wanalipa. Walichonyang'anywa ni nyumba yenye heshima.

Bara nako ni vivyo hivyo. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo. Ilikuwa na Drive-in ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambapo familia zilikwenda na mikeka na vyungu vya pilau. Leo pale ni ubalozi wa Marekani. Ukitembea miji ya Afrika Mashariki utakuta sinema zilizogeuka kanisa, ghala, duka la vyombo. Siwalaumu waliozichukua, jengo lenye mtu ndani ni bora kuliko gofu.

Kinachonikera ni biashara mpya ya ukale. Hoteli na mikahawa ya mji wetu imegundua kwamba mgeni anapenda vitu vya zamani, na sasa wanunuzi wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza redio za bibi, vioo, samadari, birika, fremu za picha. Mmoja alifika kwangu akaitaka cherehani ya mama, Singer ya mguu. Nikamuuliza ataifanyia nini. Akasema ataondoa kichwa, aweke kioo juu ya miguu, iwe meza ya mkahawa fulani ambao siutaji. Nilimwambia inashona. Aliongeza bei. Nikamwambia tena, inashona. Pembeni ya mkahawa huo nimeona mabango ya filamu yaliyochapwa juzi kwenye karatasi iliyopakwa rangi ya chai ionekane kuukuu, na nyuso za mastaa ambao hakuna mfanyakazi wa pale anayewajua majina. Huku mabango ya kweli, yaliyobandikwa kweli kwenye kuta za kweli, yamefunikia vitabu vya skuli na kufungia karanga.

Kitu cha zamani kinachotumika hakihitaji kupakwa chai. Tazameni kisutu. Ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ni mtindo wa kale kuliko sinema zote nilizozitaja, na mpaka leo bi harusi wa pwani anafunikwa nayo, na duka la Darajani linauza mpya. Hakuna mtu aliyeiweka ndani ya kabati la kioo na kusema ni kumbukumbu. Imeokoka kwa kuvaliwa. Na jumba la sinema litaokoka kwa kuonyesha sinema, sioni njia nyengine.

Nina kinyongo chengine, na hiki ni juu yetu sote. Tunawajua mastaa wa Bombay kwa majina ya wake zao na tarehe za vifo vyao, na wa kwetu tumewatupa. Mwanamume aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, Rashidi Mfaume Kawawa, alikuwa mwigizaji wa filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, siasa haijamchukua, alicheza katika filamu za Kiswahili zilizopigwa Tanganyika, mojawapo Muhogo Mchungu. Vijana ninaowafundisha wanaijua barabara yenye jina lake. Kwamba mtu yule alisimama mbele ya kamera na watu wakalipa kumtazama, hawajawahi kusikia, na walipoambiwa waliomba kumwona. Nilikosa pa kuwapeleka. Nchi yenye waziri mkuu aliyekuwa staa ingepaswa kuwa na usiku mmoja kila mwaka wa kumwonyesha, Dar es Salaam, Zanzibar na kwao Songea.

India wenyewe wanatuonyesha. Desemba 2024, Raj Kapoor alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, filamu zake zilisafishwa na kurudishwa kumbini katika miji mingi, na watu waliozaliwa baada ya kifo chake mwaka 1988 walinunua tikiti. Hapa kwetu, ambako Awara ilishonewa magauni, tulitumiana picha. Mji Mkongwe haukuwa na ukumbi wa sinema wa kumpokea. Tamasha la filamu la ZIFF linafanyika kila mwaka Ngome Kongwe, chini ya nyota, na nalishukuru, lakini tamasha ni siku chache na mji unaishi mwaka mzima.

Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na orodha hiyo haizuii paa kuanguka. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafa. Siku ile kila mtu alilia, na kila mtu alikuwa na picha ya jumba hilo kwenye simu yake. Najua wapo waliojitolea kulifufua Majestic, wameshaliingia na kulipima, na nawaombea. Ombi langu kwao na kwa Serikali ni kwamba likisimama libaki sinema. Lisiwe hoteli yenye jina la sinema, wala ukumbi wa kukodi kwa mikutano wenye projekta ya kuning'inia. Liwe na mashine nzuri, viti vinavyokalika, choo kisafi, na filamu kila wiki.

Na sisi wa majumbani tuna kazi ya kufanya kabla hata fundi wa paa hajapanda. Kwenye masanduku yetu kuna vipande vya tikiti, picha za studio, magauni, karatasi za magazeti zilizokatwa umbo la mikono ya Nargis. Mimi ninazo za mama, zimekuwa za rangi ya samli na bado zinasomeka, na nimeshasema kwa watoto wangu kwamba ni za jumba hilo likifunguliwa. Wapo wazee wawili watatu waliokuwa wakiendesha mashine, wanakaa Ng'ambo, wanajua kuunganisha mkanda uliokatika huku ukumbi unapiga miluzi. Wakae na kijana mwenye kinasa sauti mwezi huu huu.

Likifunguliwa, Jumatano alasiri iwe zanana, mlangoni asimame mwanamke. Jumapili usiku iwe ya familia. Filamu ya kwanza wengine watataka Awara nami nitakwenda, lakini ningependa Kawawa atangulie. Viti vya juu, vya balkoni, wauziwe wageni kwa bei wanayolipa kwenye mikahawa ile. Vya chini viwe kwa bei ambayo mwanafunzi wa Kwahani anaweza kuitoa katika nauli yake ya wiki, na tikiti ziuzwe dirishani, zisiishie mikononi mwa walanguzi kama ilivyokuwa Jumapili za ujana wangu.